Kengele Aliyoivuta Edna

Wasikilizaji wapendwa, leo maduka yote ya hapa Ketterby yamefungwa, na safari hii hakuna aliyepigilia mbao madirishani kama siku ya mpira. Tumetoka kumzika Edna Scholey. Edna Scholey, yule wa bucha ya kona ya soko. Kama una watoto karibu, watafutie kazi jikoni, maana habari hii ina damu.

Edna alizaliwa juu ya bucha hiyo hiyo. Wazazi walikufa mapema, wakamwachia visu na mdogo wake, Cyril. Edna ndiye aliyemlea Cyril. Alimwogesha, alimlisha, alimzaba vibao alipovitafuta. Na siku ya soko sauti yake ilifika hadi kwenye mnada wa kondoo: "Mama wewe, usiitomase hiyo kama hununui! Huyo nguruwe alikufa na heshima zake!"

Mpira wetu mnaujua. Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, chapati za maji zikishashuka tumboni, Mtaa wa Juu unapigana na Mtaa wa Chini. Sisemi unacheza. Unapigana. Mpira wenyewe ni wa ngozi, mzito, umeshindiliwa vumbi la mbao. Jioni kengele ya soko inalia, na atakayekuwa ameushika ikinyamaza, ushindi ni wa mtaa wake. Kwa hiyo wanaume huziweka ngumi zao akiba. Kengele ikianza tu, hapo ndipo meno yanapong'oka.

Mwaka mmoja Cyril, akiupigania Mtaa wa Chini, aliudaka mpira kando ya birika la kunyweshea farasi, akateleza. Horace Bagshaw, mbeba makaa wa Mtaa wa Juu, kijana mpana kama mlango, akamwangukia kwa magoti yote mawili. Wengine wakafuata. Edna alikuwa dirishani. Aliuona mkono wa mdogo wake umechomoza chini ya rundo, unapigapiga mawe. Kisha ukaacha kupiga.

Akatoka mbio. "Nyanyukeni! Mnamuua!"

"Edna, rudi kwenye soseji zako!" mmoja akamjibu, na wenzake wakacheka.

Akamkamata mtu nywele, akavuta. Akala kiwiko, pua ikavunjika. Ndipo akakimbilia kamba ya kengele, kwa sababu mji huu ulikuwa ukitii kitu kimoja tu, na kitu hicho ni kengele. Akaivuta kwa uzito wake wote.

Mnajua kilichofuata, wasikilizaji wapendwa. Waliosikia kengele walijua jambo moja: mchezo unakwisha. Hata waliokuwa pembeni wakipumua walilirukia rundo. Buti, magoti, ngumi. Kadiri Edna alivyovuta ndivyo walivyozidi, na kadiri walivyozidi ndivyo alivyovuta. Cyril alipotolewa, mbavu zilikuwa zimeingia kifuani na mpira ulikuwa bado mikononi mwake. Mtaa wa Chini walishangilia. Walishangilia, jamani, kabla hawajamtazama usoni.

Binti wa Edna, Rosalind, ameniambia hivi: "Mama hakusema hata siku moja kwamba Horace ndiye aliyemuua. Alikuwa anasema, 'Mimi ndiye niliyewaita.'"

Watu walidhani atataka mchezo upigwe marufuku. Hapana. Alikwenda kwenye mkutano wa mji akasema, "Chezeni. Ila mtu akianguka, mnyanyuke juu yake."

"Utatunyanyua kwa kitu gani, Edna?" sauti ikatoka nyuma. "Kwa kengele?"

Mwaka uliofuata alisimama sokoni na aproni yake, na kisu cha baba yake mkononi. Safari hii aliyeanguka ni Horace. Mtaa wa Chini walikuwa wakimsubiri. Mpira ulibaki kifuani pake lakini wao walipiga uso. "Hiyo ya Cyril! Na hii nyingine ya Cyril!" Sikio moja liling'oka, likabaki kwenye buti ya mtu.

"Mama alisimama kwanza akamtazama," anasema Rosalind. "Aliniambia ilikuwa tamu. Tamu sana. Halafu akaona mkono wa Horace unapigapiga mawe."

Akaingia. Alimchana binamu yake mkono kumsogeza, akakizamisha kisu kwenye mpira, akaupasua. Vumbi la mbao likamwagika juu ya damu.

"Haya, mpira umekufa," akasema. "Sasa mnagombania nini? Nyanyukeni."

Wakanyanyuka. Horace akaishi. Na tangu mwaka ule, mtu akianguka, yeyote anayemwona hupiga kelele, "Edna!" Mikono yote hupanda juu, na hakuna anayeishusha mpaka aliyeanguka asimame. Kengele hatuamini kuwa inaweza kuokoa mtu. Jina hilo tunaamini.

Rosalind, wewe na wanao, poleni sana. Poleni kutoka Juu, poleni kutoka Chini. Nasi tuliobaki tujiulize leo: ni nani yuko chini ya magoti yetu, nasi tunasikiliza kengele tu?

Makaburini leo, jeneza lilipoanza kushuka, mzee Horace alishindwa kujizuia. Kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, na sikio lake moja, alipiga kelele: "Edna!"

Mikono ikapanda, mitaa yote miwili. Hata waliokuwa wakilishusha jeneza nusura waachie kamba. Tukasimama hivyo, mikono juu, tukimngoja ainuke.