Mzee Abdulwakil na Njia ya Makaa ya Mawe

Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba 1994, Mzee Abdulwakil Ameir anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya kusukuma machela za wagonjwa katika Hospitali ya Pellmarsh, hapa mashariki mwa London.

Alitoka Pemba mwaka 1965, akaajiriwa mwaka uliofuata. Hospitali yenyewe ilijengwa 1874 kwa ajili ya watu wa viwanda vya ngozi na viberiti, na kila kizazi kikaongeza jengo lake popote palipobaki nafasi. Siku ya kwanza Mzee alipotea. Mgonjwa aliyepaswa kupelekwa eksirei, yeye akamfikisha jikoni. Mgonjwa alikunywa chai, wala hakulalamika. Aliyeona haya ni Mzee. Mwezi mzima alikuja hata siku zake za mapumziko, daftari mkononi, akiandika kila mlango unakwenda wapi.

Mmoja ulikuwa haufunguki, kando ya chumba cha kufulia. Aliambiwa kwamba zamani ulipitisha mikokoteni ya makaa ya mawe.

Mwaka 1985 wakuu walitangaza kufunga chumba cha upasuaji. Lifti ilikuwa imekufa, na kumzungusha mgonjwa uani kutoka chumba cha dharura hadi huko kulichukua dakika kumi na moja. Wagonjwa wa haraka wangepelekwa hospitali nyingine, ng'ambo ya mto. Sisi tulinung'unika. Mzee alimtafuta fundi seremala wetu, Darshan Singh, wakaomba ruhusa, wakauvunja ule mlango wa makaa, maana kwa hesabu ya daftari lake njia ile ilikatisha moja kwa moja kutoka dharura hadi upasuaji. Ndani mlijaa vitanda vibovu hadi darini. Kwa wiki tatu, kila saa ya chakula cha mchana, wawili hao walivitoa.

Siku ya kikao cha wakuu cha kuamua, Mzee alisukuma machela ya magurudumu mpaka mbele ya mwenyekiti. "Lala hapa, bwana. Saa shika mwenyewe."

Mwenyekiti alitazama huku na huku, akalala na tai yake. Dakika nne, wakafika chumba cha upasuaji. Chumba hakikufungwa.

Mwaka uliofuata nilianguka wodini, mimba iliyotunga nje ya kizazi imepasuka. Nakumbuka dari ya matofali ikipita juu yangu, na sauti ya Mzee: "Usilale, Winifrida. Nihesabie taa."

Nilihesabu kumi na nne. Baadaye daktari aliniambia kwamba ningezungushwa uani nisingefika.

Mzee, wodi zote zinakushukuru. Tunakuombea afya na siku njema nyumbani Walthamstow, wewe, Bi Suad na wajukuu. Nami, kwa miaka hii minane niliyoishi tangu siku ile, nasema ahsante.

Sista Winifrida, wodi ya wanawake