Ibu Takistaulan, Mpagazi Aliyevuka Thorong na Shanta Lake Mwenyewe

Tumekusanyika leo, Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, katika kanisa letu la Vahlas, kumsindikiza mama yetu, bibi yetu na jirani yetu, marehemu Ibu Takistaulan. Maneno haya yameandikwa na watoto wake watatu, na yanasomwa na mwanawe wa kwanza, Biung. Shangazi Abus, wifi wa marehemu, ambaye mnamwona pale kiti cha mbele, aliyasikiliza jana akatoa agizo moja tu: "Msinilainishe. Nilikuwa mkali, basi semeni nilikuwa mkali." Tumetii.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1950 hapa hapa Vahlas, tarafa ya Xinyi, mkoa wa Nantou, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Umas Takistaulan na mama Langui. Yalikuwa majira ya palizi ya mawele. Mama yake alitoka nyumbani asubuhi akiwa mjamzito, akarudi jioni na mtoto kifuani na tita la majani ya mbuzi mgongoni. Wazee walisema mtoto huyo aliizoea milima kabla ya kuyazoea maziwa.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia mwaka 1957 hadi 1963. Enzi zile mtoto aliyeteleza akasema Kibunun, lugha yetu ya nyumbani, darasani alivishwa ubao shingoni, auvae mpaka mwenzake ateleze. Ibu aliuvaa mara nyingi, kwa sababu alikuwa msemaji. Siku moja mwalimu alimkuta ameuzungusha ubao umelala mgongoni, akamuuliza maana yake. Akajibu, "Shingo inachoka, mwalimu. Mgongo hauchoki." Mwalimu alicheka, na kicheko hicho kilimwokoa na viboko. Alimaliza darasa la sita akiwa na alama nzuri. Sekondari ilikuwa Shuili, mbali na ghali, kwa hiyo akaingia shambani na dada zake.

Tarehe 7 Oktoba 1972 alifunga ndoa na marehemu baba yetu, Tiang Istasipal, mkulima wa nyanya na mwindaji, mtu wa maneno machache. Walijaliwa watoto watatu: Biung, Puni na Dahu. Baba alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wake, ndiye huyu Shangazi Abus, kiongozi wa kwaya. Tangu siku ya harusi Shangazi alimkagua wifi yake kama mtu anayechagua kabichi sokoni, na hakuridhika.

Mwaka 1974 bei ya nyanya ilianguka, na Ibu akaanza kazi ya upagazi katika Mlima Yushan. Aliwapelekea wapanda mlima mchele, mitungi ya gesi, kabichi na mayai hadi kwenye kibanda cha kulala wageni, mzigo wote ukining'inia kwenye ukanda uliopita juu ya paji la uso. Aliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Alijisifia jambo moja tu: mayai. Wanaume walibeba mizigo mizito kuliko yake, lakini yai la Ibu lilifika zima. Kwa mgongo huo watoto wake wote walisoma, na Puni akawa muuguzi kule Taichung.

Shangazi hakuupenda upagazi ule. Siku moja baada ya mazoezi ya kwaya, mbele ya waimbaji wote, alisema, "Kaka yangu alioa mke, sasa naona anafuga punda."

Ibu alikuwa mlangoni anavaa viatu. Hata hakugeuka. "Punda walau analeta unga nyumbani, wifi. Jogoo je, akishawika, analeta nini?"

Kanisa lilicheka, na wawili hao hawakusemezana tena kwa miaka mingi. Mmoja alikaa safu za kulia, mwingine za kushoto. Tetemeko la Septemba 1999 lilipoangusha nyumba ya Shangazi, Ibu alikwenda mwenyewe kumchukua, akambebea godoro, akampa chumba kilichoangalia mto. Bado hawakusemezana. Shangazi alizungumza kupitia mbwa wetu, Tumaz. "Tumaz," alisema mezani, "mwambie mwenye nyumba chumvi imezidi." Na Ibu akajibu, "Tumaz, mwambie mgeni sufuria ipo, maji yapo, na mikono anayo." Mbwa yule alinenepa kwa ujumbe, maana kila aliyemtuma alimpa kipande cha nyama.

Baba alifariki mwaka 2006 kwa ugonjwa wa ini. Wanawake wawili wakabaki katika nyumba moja, na mbwa katikati.

Sasa tufike kwenye jambo lililomfanya marehemu ajulikane mbali zaidi ya bonde hili. Kwa miaka mingi vijana wa mataifa mbalimbali, waliokuwa wakizunguka Asia na mashanta yao mgongoni, walishuka kutoka mlimani wakala jikoni kwake. Wanakijiji wengine waliwauliza bei ya safari au jina la mlima. Yeye aliwauliza swali moja: "Huko mlikopita, watu wanabebaje mizigo?" Binti mmoja kutoka Korea alimwonyesha picha ya wanawake wa Nepali wenye vikapu mgongoni na ukanda juu ya paji la uso, vile vile kama sisi. Ibu aliishika picha ile mpaka chai yake ikapoa. Kisha akasema, "Hawa nataka kuwaona."

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Mpango ulikuwa aende na Puni, lakini Puni akashika mimba ngumu na daktari akamkataza kusafiri. Wote tulidhani safari imekufa. Hapo Shangazi akaweka kijiko chini, akamtazama mbwa. "Tumaz, mke wa kaka yangu hawezi kwenda nchi za watu peke yake. Atatuaibisha. Mwambie nakwenda naye."

Kijiji kilicheka. Dukani walisema, "Ibu alilipwa kubeba mizigo ya watu, sasa analipa ili abebe wake." Aliwajibu kwa upole, "Kweli kabisa. Na nikichoka nitakaa chini, hakuna wa kunifokea." Waliondoka tarehe 6 Oktoba 2008.

Walifikia Bangkok, katika hosteli ya vijana yenye vitanda vya ghorofa. Joto lilikuwa kali na feni lilivuma moja kwa moja usoni kwa Shangazi. Alitazama huku na huku. Mbwa hakuna.

"Wewe," alisema, "geuza hilo feni."

"Unasema na mimi?"

"Kwani hapa kuna punda mwingine?"

Ibu aliligeuza feni, akarudi kitandani, akacheka mpaka kitanda kikatikisika na kijana wa chini akaamka. Hayo ndiyo maneno ya kwanza waliyosemezana ana kwa ana tangu enzi za ujana wao. Kesho yake walivuka barabara za Bangkok, Shangazi ameshika mkanda wa shanta la Ibu kwa mikono miwili huku anasali kwa sauti. Madereva wa pikipiki walisimama. Ibu alituambia hajui kama walimwogopa Mungu au walimwogopa Abus.

Kutoka Kathmandu walipanda basi, kisha wakaanza kutembea kuuzunguka mlima wa Annapurna. Njiani Ibu alipata alichokifuata. Kwenye kila mapumziko aliketi na wapagazi. Hawakuwa na lugha moja, lakini walikaguana kanda, wakapimana misuli ya shingo kwa vidole, wakacheka. Mama mmoja wa kijiji cha Manang alibadilishana naye ukanda. Mjini kila mtu alimwona mgeni, lakini kule, alisema, alijiona ametembelea ukoo.

Lengo lao lilikuwa Thorong, pengo la juu ambapo njia inavuka kwenda upande wa pili, juu sana kuliko kilele chetu cha Yushan. Walipofika nyumba ya wageni ya mwisho, zimebaki saa chache tu za kupanda, Shangazi alikuwa anaimba nyimbo za kanisa bila kupumzika. Ibu alimjua. Abus huimba hivyo akiwa na maumivu. Akamwambia atembee juu ya mstari wa mawe uani. Shangazi alitembea hatua chache akayumba kama mlevi, kisha akatapika. Ulikuwa ugonjwa wa mwinuko, na dawa yake ni moja: kushuka.

"Sishuki," alisema Shangazi. "Wewe panda, mimi nikungoje hapa."

"Ukingoja hapa utakufa."

"Bora nife kuliko watu wa Vahlas waseme nilikurudisha mlangoni."

"Sikia, wifi. Ukifia hapa nitakubeba mpaka Vahlas, na wewe ni mzito kuliko gesi. Nihurumie."

Shangazi alijaribu kubisha tena, lakini ulimi ulikuwa umeanza kuwa mzito. Farasi wa nyumba ile walikuwa wameshaondoka na wageni wengine. Ibu aliomba kikapu kikubwa. Mpagazi mmoja, Lal Bahadur, alikikata ubavu mmoja ili miguu itoke, wakatandika blanketi ndani, wakamkalisha Shangazi akitazama nyuma. Ibu akavaa ukanda wa yule mama wa Manang, akainama, akanyanyuka. Nyuma yake lilikuwa pengo alilolitamani, na hali ya hewa ilikuwa safi. Hakulitazama. Walipokezana na Lal Bahadur kuteremka siku nzima juu ya mawe na barafu, na kila walipopumzika alimuuliza Shangazi jina la kaka yake ili ajue kama akili bado ipo. "Tiang," alijibu kila mara, na mara ya mwisho akaongeza, "Umeshaniuliza, mwanamke wewe, umesahau jina la mumeo?" Hapo Ibu alijua atapona. Aliketi kwenye jiwe akalia, na ndiyo mara pekee Shangazi amewahi kumwona analia.

Walilala Manang kwa siku kadhaa. Shangazi alipoweza kuketi, alisema, "Mimi nilikaa nikitazama nyuma. Mlima wote nimeuona. Wewe uliona nini?"

"Vidole vyangu vya miguu."

"Basi tutarudi ukaone." Akavuta blanketi mabegani. "Na niliyoyasema kwenye kwaya, niliyasema mbele za watu. Nitayaondoa mbele za watu."

Aliyaondoa. Waliokuwepo kanisani Jumapili ya kwanza ya Desemba mwaka ule wanakumbuka jinsi alivyosimama, na jinsi Ibu alivyomvuta nguo akimwambia, "Kaa chini, imetosha, unachelewesha sadaka."

Walirudi Nepali Oktoba 2011, baada ya Shangazi kufanya mazoezi kwa kupanda ngazi za kanisa na mawe mgongoni, jambo lililompa mchungaji hofu. Safari hii walivuka. Juu ya Thorong Ibu alitua shanta lake, akavua kofia, akasimama muda mrefu akitazama pande zote mbili. Picha iliyo kwenye jalada la ratiba yenu ilipigwa hapo. Anayeonekana pembeni ameinua mkono ni Shangazi, anagombana na muuza chai kuhusu bei.

Baada ya hapo hakukaa. Alitembea Hanoi, Busan, Luang Prabang na Kolkata. Kuanzia mwaka 2013 alianza kuwachukua wanawake wa bonde hili, wachache wachache, wengi wao hawajawahi kufika hata Taipei, mji mkuu wetu. Aliwafundisha kufunga shanta, kuuliza njia kwa mikono, na kutomwachia mtu pasipoti. Baadhi yenu mmekaa hapa leo. Mtakumbuka alivyoyapima mashanta yenu mlangoni na kutoa nusu ya vitu. Mama mmoja alipolalamika kwamba ametolewa pasi ya kunyooshea nguo, aliambiwa, "Dada, huko hakuna anayekungoja uwe umenyooka."

Januari 2023 alianza kusikia maumivu ya tumbo, na madaktari wa Taichung wakaona saratani ya kongosho, imeshasambaa. Alitibiwa hadi Agosti, kisha akaomba kurudishwa nyumbani. Puni alichukua likizo akamuuguza. Shangazi alihamishia kitanda chake katika chumba cha mgonjwa, na kila asubuhi alimkanda miguu kwa mafuta, huku wakibishana ni mji gani ulikuwa na supu bora.

Wiki yake ya mwisho mchungaji alikuja kusali naye, akamuuliza kama moyo wake una hofu. Mama alifikiri, kisha akasema, "Mchungaji, mimi nimelala stesheni ya Kolkata, chini, watu wananiruka, na nikaota ndoto nzuri. Mungu anipe kona yoyote."

Alifariki Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, saa mbili asubuhi, watoto wake wote wakiwa chumbani, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Marehemu ameacha wifi yake Abus, aliyeomba atajwe kabla ya watoto, na watoto tumekubali, wanawe Biung na Dahu na binti yake Puni, wakwe watatu, wajukuu saba, mkubwa wao akiwa Ibu binti Biung, mwenye jina la bibi yake kama ilivyo desturi yetu, dada yake mdogo Savi, na wanawake wa bonde hili ambao pasipoti zao zimejaa mihuri kwa ajili yake.

Apumzike kwa amani mama yetu, na sisi tulio wake tutembee tukiwa na fahari.