Hezekia Nyagawa na Haradali Isiyofukiwa

Swali ambalo nimelihangaikia kwa muda mrefu ni hili: je, ushauri ulio sahihi kwa udongo, ukitolewa katika mwezi ambao mwenye udongo ana njaa, unaweza kuitwa ushauri mwema? Nalirudia leo kwa sababu Bwana Hezekia Nyagawa, bwana shamba msaidizi wa kituo chetu cha Makambako, anastaafu tarehe 30 Juni 1959 baada ya utumishi wa miaka ishirini na saba, na sidhani kama yupo aliyelibeba swali hili kwa muda mrefu kuliko yeye.

Bwana Hezekia alizaliwa karibu na Kidugala, akasoma huko huko, akaajiriwa mwaka 1932. Kazi aliyokabidhiwa ilikuwa rahisi kuieleza. Mvua za kwanza za Novemba zinaponyesha, mkulima amwage mbegu za haradali katika shamba litakalopandwa ngano mwezi Machi. Mmea huo huota upesi, hufunika ardhi kwa majani yake na kuuzuia udongo usichukuliwe na maji. Ifikapo Januari, unapoanza kutoa maua ya manjano na kabla haujafunga mbegu, wote ukatwe na kufukiwa, uoze, uwe mbolea.

Ugumu ulikuwa katika Januari hiyo. Huku kwetu mwezi huo vihenge vya nafaka vimebaki vumbi, na mahindi mapya bado hayajabeba. Kinachopatikana kwa kutia chunguni ni majani. Nayo haradali ni mboga, tena mboga tamu ukiichemsha na kumwaga maji ya kwanza. Basi Bwana Hezekia alipita na baiskeli yake akiwasihi kina mama wazike chakula. Wakamwita Mzika Mboga, na jina hilo likamkaa kuliko la ubatizo. Katika arusi moja ya Kidugala, alipoisogelea meza ya chakula, mzee mmoja aliagiza kwa sauti: "Mpeni kijiko, msimpe jembe." Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote, na ndiye aliyetusimulia.

Si kila neno lilikuwa la kuchekwa. Mama Tabea, ambaye shamba lake linapakana na shamba letu la mfano, alimwuliza mbele ya mkutano: "Baba, huu udongo wako una watoto wangapi, hata ulishwe kabla ya wangu?" Watu wakangoja jibu. Bwana Hezekia alivua kofia. Kisha akawaruhusu wachume majani kwanza, ilimradi mashina yafukiwe baadaye.

Ruhusa hiyo ilikuwa ya utu, na ndiyo iliyoiharibu kazi. Au hivyo ndivyo nilivyoamini zamani. Kwetu hakuna mwanamke anayemaliza mboga yote shambani. Shina lililo bora kuliko mengine huachwa lizae mbegu ya mwaka ujao, na anayelikata huonekana hajalelewa. Kwa hiyo walichuma, wakafukia mashina yaliyodumaa, na katika kila shamba wakayaacha yaliyonawiri. Hayo yakakomaa, yakapasuka, yakajimwaga. Baada ya misimu michache ngano ya Makambako ilisimama katikati ya maua ya manjano. Mnunuzi aliyekuja na lori akatia mkono guniani, akatoa punje nyeusi nyingi zilizochanganyika na ngano, akaondoka bila kupakia kitu. Mkutano uliofuata uliazimia kwamba haradali isipandwe tena ila bustanini, nyuma ya jiko.

Bwana Hezekia hakubishana na azimio hilo. Misimu iliyofuata yeye na mkewe, Mama Emilia, walipita shamba hadi shamba wakiing'oa haradali, wenye mashamba wakiwatazama kutoka milangoni. "Jana panda, leo ng'oa," mmoja aliwaambia. "Kesho sijui mtatuletea wimbo gani, baba." Waliendelea kung'oa.

Alichoomba ni kimoja tu: shamba la mfano libaki. Humo aliendelea kufukia kila Januari, na ngano yake ilizaa vizuri kuliko ya majirani. Wageni walifika hata kutoka Mawengi, wakaisifu, wakarudi kwao, wala hatujasikia kwamba yupo aliyeiga. Ningependa kusema kwamba shamba hilo lilithibitisha ukweli wake. Lakini lilipata pia samadi ya ng'ombe wake na mikono ya Mama Emilia, nami sijui ni kipi kilichofanya kazi kubwa zaidi. Ninachokiona bila shaka ni korongo lililochimbwa na maji ya mvua katikati ya shamba la Mama Tabea. Nilipolifahamu mara ya kwanza, mtoto aliweza kuliruka. Sasa ng'ombe huzunguka.

Mwaka huu kamati ya kituo iliamua kwamba, Bwana Hezekia akishaondoka, shamba la mfano ligeuzwe kitalu cha miche ya miti ya miwati. Alipoomba lisiguswe, aliwekewa sharti: apatikane walau jirani mmoja atakayekubali kufukia haradali shambani mwake. Januari nzima alizunguka kuwaomba. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Tabea. Alimsikiliza hadi mwisho, kwa heshima, akamjibu: "Mwakani, baba, tukishiba." Ndilo jibu alilopewa tangu alipoajiriwa. Kisha akampakulia ugali kwa haradali ya bustanini, iliyotokana na mbegu alizoleta Bwana Hezekia mwenyewe. Alikula, akashukuru, akasema imepikwa vizuri. Jioni alirudi kituoni, akaifukia haradali ya shamba la mfano peke yake, mara ya mwisho.

Zipo bustani za haradali kutoka hapa hadi Matembwe, na wapo watoto waliovuka Januari nyingi kwa majani yake. Nilimtajia hilo nikidhani litamfariji. Alinijibu kwamba hakutumwa kuleta mboga.

Sijui, basi, kama alishindwa yeye, au ulishindwa mwezi. Ili kujua, tungehitaji mwaka mmoja ambao vihenge vya Makambako vina chakula hadi Machi, na shamba la kupimia. Mwaka huo haujafika, na shamba linapandwa miwati Julai. Swali langu litabaki hapo lilipo.

Bwana Hezekia na Mama Emilia, asanteni kwa miguu yenu na mikono yenu. Huko Kidugala mnakorudi, tunawaombea mvua za wakati wake, afya, na Januari yenye chakula cha kutosha, ili mkitaka kufukia haradali yenu, asiwepo wa kuwauliza kwa nini.