Ujumbe Uliokatika: Kumkumbuka Daktari Jentrix Nasimiyu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama redio yako iko chini, ongeza sauti kidogo. Leo tunamkumbuka Daktari Jentrix Nasimiyu, mwanasayansi wa maji, aliyezikwa kwao Webuye Jumamosi iliyopita. Sitawaficha, leo niko na hasira. Mtanivumilia.

Jentrix alihamia Kitengela mwaka wa tisini na sita, yeye na mume wake, Dalmas. Walipanga nyumba ya vyumba viwili, wakaishi kama wengi wenu mnavyoishi: asubuhi Nairobi, jioni Kitengela. Kazi yake ilikuwa kupima maji ya visima. Alichota maji kwenye chupa, akayapeleka maabara, akarudi kuwaeleza watu alichokiona. Hiyo ya kurudi ndiyo iliyomfanya apendwe. Wenzake wengi walichota wakapotelea mjini.

Akifika kwa akina mama wa Kimaasai alikuwa akisalimia kwanza, "Takwenya," nao wakiitikia, "Iko." Hapo ndipo alipofungua mkoba. Mama Priscilla wa Kisaju anamkumbuka vizuri. "Alikuwa anakaa chini na sisi," anasema. "Kimaasai chake kilikuwa kibaya, tulikuwa tunamcheka, na yeye anacheka. Lakini akisema maji, tunasikia."

Sasa sikieni jambo lenyewe. Kuna kisima karibu na Kitengela, watu wanakiita kisima cha Parmuat. Jentrix alikipima mwaka wa elfu mbili na tatu akakuta floraidi nyingi mno. Floraidi ni kitu cha ardhini, hukioni, hukionji. Kidogo hakina neno. Ikizidi, inaharibu meno ya mtoto yangali kwenye ufizi, na baadaye inaingia kwenye mifupa. Narudia: meno, halafu mifupa.

Taasisi aliyofanyia kazi ilikuwa imeanza mradi mpya. Wanasayansi wangewaandikia wananchi kwa simu ya mkononi. Jentrix alifurahi kama aliyepewa ng'ombe. Aliandika ujumbe wake vizuri, akataja floraidi. Afisa wa mawasiliano akamwambia, "Daktari, nani huko anajua floraidi? Weka madini." Jentrix akakubali. Alitaka watu waelewe, jamani. Nani angejua?

Tena simu za wakati huo zilikuwa na kipimo. Herufi mia na sitini, basi. Mashine ya kutuma ikahesabu, ikakata. Watu walipokea hivi, nasoma kama ulivyofika: "Utafiti: Maji ya kisima cha Parmuat, Kitengela, yana madini mengi kuliko maji ya visima vyote tulivyopima Kajiado. Imethibitishwa na wanasayansi wetu. Kwa hivyo".

Kwa hivyo nini? Ujumbe ukaishia hapo. Sehemu ya kuwakataza watoto maji hayo haikutoka kamwe.

Na nyinyi mnajua neno madini linavyosikika kwetu. Madini ni mali. Maji ya madini ni yale ya chupa, ya watu wa hoteli. Wananchi wakamalizia sentensi wenyewe: kwa hivyo, yanyweni. Kufikia Jumapili kisima kilikuwa na foleni ya mitungi na punda. Kijana mmoja broka wa ploti, dalali wa viwanja, anaitwa Nick, akauandika ujumbe ule kwenye mabango yake. Ploti zenye maji ya madini, imethibitishwa na wanasayansi. Ploti zikaenda mbio.

Mama Priscilla alikuwa akimnywesha binti yake mdogo, Soila, maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Akayaacha. "Niliona ujumbe umetoka kwa watu wa Jentrix," anasema. "Ningekataaje?" Kila siku alituma punda Parmuat kwa ajili ya Soila. Kwa ajili ya Soila peke yake, kwa sababu ndiye aliyetakiwa kukua vizuri.

Jentrix alipojua, alikimbia kwa wakubwa wake. Aliomba jambo moja, ujumbe wa pili utumwe. Wakamwambia wakituma tena, watu watasema taasisi haijui kazi yake. Akaomba tena. Akaandikiwa barua ya onyo.

Basi akaanza peke yake. Aliingia saiba ya Kitengela, akafungua ukurasa kwenye mtandao, akaeleza floraidi kwa Kiswahili safi, na picha za meno. Waliosoma walikuwa watu wa Ulaya na mwanafunzi mmoja wa Eldoret. Mwenye punda kisimani angeufungulia wapi? Akarudia simu, akawa anatuma kutoka kwa simu yake mwenyewe, namba moja moja. Nick akasambaza maneno kwamba daktari amenunuliwa na wauza ploti wa upande wa Isinya. Watu wakaamini. Kumbe ukiwa na jina la taasisi unaaminiwa hata ukikosea, na ukibaki na jina lako tu unaitwa mwongo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Alikwenda Kisaju kwa miguu yake. Mama Priscilla alimsikiliza, lakini mzee wa boma akauliza, "Ulisema mazuri, sasa unasema mabaya. Tushike gani?" Jentrix akajaribu kueleza habari ya herufi mia na sitini. Hebu fikiria, unamweleza mzee kwamba ukweli ulikuwepo ila haukutosha kwenye simu. Walimkaribisha chai. Chai ya maji ya Parmuat. Aliikataa, na kukataa chai ya watu kukaonekana dharau. Hakualikwa tena.

Mwaka jana, miaka minane baada ya ujumbe ule, alimwona Soila kanisani akiimba na kwaya ya watoto. Alikuwa anaimba amefunika mdomo kwa mkono. Meno yalikuwa ya kahawia, na miguu imeanza kupinda, magoti yakigongana. Dalmas anasema mke wake alirudi nyumbani, akakaa jikoni na viatu miguuni, hakula. "Tangu siku hiyo presha haikushuka," anasema. "Madaktari walisema moyo. Mimi najua ni Soila."

Wasikilizaji wapendwa, siku ya mazishi Dalmas alipokea ujumbe kutoka kwa kampuni inayouza zile ploti. Alinionyesha, nikausoma kwa macho yangu. "Pole sana kwa familia. Tutamkumbuka daktari kwa kututangazia maji yetu."

Kwa Dalmas, na kwa ukoo wote wa Webuye, redio hii inawapa pole. Mama Priscilla na Soila, poleni pia, maana msiba huu ni wenu. Na wewe unayesikiliza ukiwa na simu mkononi, kabla hujausambaza ujumbe, uliza umeishia wapi.

Nilimuuliza Dalmas angependa niseme nini juu ya mke wake. Akaniambia, "Usiseme alikuwa mtu mzuri. Wanajua. Sema maji ya Parmuat yanaharibu watoto."

Maji ya Parmuat yanaharibu watoto. Asubuhi hii, nikija kazini, foleni ya punda ilikuwa imefika barabarani.