Dada Yetu Sindano, Aliyesoma kwa Hofu

Ndugu, jamaa, marafiki na majirani mliofika kumsindikiza dada yetu, familia imeniomba mimi, kitinda mimba wao, niwasomee maisha yake, na naomba mnivumilie nitakapokwama, maana yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba yetu, nami nilizoea kukaa nyuma yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa pili wa baba yetu, mkata tiketi, na mama yetu, ambaye yuko hapa mbele yenu. Alianza shule ya msingi mwaka 1981, akamaliza kidato cha nne mwaka 1991 kwa alama ambazo zingemfikisha mbali, lakini mwaka uleule baba alifariki, ikabidi mmoja wetu aache shule ili wengine tuendelee, naye hakungoja kuombwa.

Januari 1993 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, akaanza kwa kupunguza nyuzi za sare zilizokwisha kushonwa, akapanda hadi kuwa msimamizi wa safu nzima ya vyerehani, na huko ndiko wenzake walikompa jina la Sindano, kwa wembamba wake, na kwa ulimi wake pia, kama ninyi mliofanya naye kazi mnavyojua. Tarehe 20 Desemba 1997 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi rangi, aliyekuja kupaka kuta za kiwanda hicho na kazi ya wiki moja ikamchukua mwezi mzima. Walijaliwa mabinti wawili, wa kwanza mwaka 1999 na wa pili mwaka 2003.

Mwaka 2012 vidole vyake vilianza kuamka vimevimba, mwenyewe akidhani ni uchovu wa mkasi, hadi daktari alipomwambia kuwa ni baridi yabisi, ile inayokula viungo kidogo kidogo. Kufikia tarehe 30 Juni 2014 hakuweza tena kufunga vifungo vya nguo yake mwenyewe, akaacha kazi, akaanza kulipwa mafao ya ulemavu. Mafao hayo ndiyo yaliyoishikilia nyumba, kwa kuwa kazi ya rangi leo ipo kesho haipo, ila hayakumpa raha, na mara nyingi alimwambia mumewe, "Nashukuru, lakini sikuzoea kukaa nikipokea. Nataka siku moja niende pale wanaponilipa niwaambie asanteni, imetosha."

Ndiyo maana Januari 2017 alijiunga na chuo kwa njia ya mtandao, akachukua masomo ya ustawi wa jamii, akitumia kompyuta ya binti yake mkubwa juu ya meza ya jikoni, na kwa kuwa vidole havikuweza kuandika, alikuwa akisema na mashine ikiandika. Siku moja alitamka "haki za walemavu", mashine ikaandika "haki za walevi", darasa zima likacheka, naye akawajibu, "Na wao wana haki zao, tutawafikia." Shemeji anasema hajawahi kumwona na furaha kama ya miezi ile.

Baba mdogo, aliyeketi pale, ameniruhusu niliseme hili linalofuata, na amenitaka nisilipunguze. Agosti 2018 alikuja kumtembelea, akamkuta anajibu maswali ya mwalimu kwenye kompyuta, akangoja amalize, kisha akamwambia, "Mwanangu, wewe unalipwa kwa kuwa huwezi kazi. Wakikuona unasoma hivi watasema umepona, watakata, na hawa watoto watakula nini?" Alisema kwa mapenzi, na hakuna aliyefikiria kwenda kuuliza kwenye ofisi ya mafao, kwa sababu kuuliza kulionekana kama kujipeleka mwenyewe. Wiki ileile dada aliaga chuoni, vitabu vikaingia chini ya kitanda, ingawa mabinti walimkuta zaidi ya mara moja akisikiliza masomo ya zamani kwa sauti ya chini, mlango umefungwa.

Februari 2021 aliitwa katika ofisi hiyo ya mafao ili hali yake ipitiwe upya, akaenda na binti mdogo, na yule afisa wa dirishani alipomuuliza siku zake anazipitishaje, dada, kwa kuchoka kuficha, akasema, "Nilikuwa nasoma, nikaacha, niliogopa mtanikatia." Yule afisa akashangaa, akamwambia, "Nani alikwambia kusoma kunakatazwa, mama? Kusoma si ajira. Ungetuuliza tu." Dada alimshukuru, akatoka, akakaa kwenye benchi la nje, akasema, "Miaka miwili na nusu." Baba mdogo alipokuja kumwomba radhi, alimjibu, "Baba, uliniogopea mimi, sikulaumu. Tungeuliza tu."

Alirudi chuoni mwezi uliofuata, lakini ugonjwa ulikuwa umeshaingia mapafuni, akawa anachukua somo moja moja, akipumzika katikati ya sentensi, hadi Aprili 2023 alipobakiza mafunzo ya vitendo peke yake, na kliniki alikotibiwa ilikuwa imekubali ayafanye huko, kati ya wagonjwa wenzake, kuanzia Juni. Tarehe 19 Mei alilazwa, akamwambia binti yake, "Mwambie mwalimu nitachelewa kidogo," na tarehe 2 Juni 2023, alfajiri, akatutoka. Chuo kimetueleza kuwa shahada haiwezi kutolewa, nasi hatukubishana, maana yeye mwenyewe asingekubali kuvishwa joho la kazi ambayo hakuimaliza, ila kinachotuuma ni kwamba muda wa kuimaliza alikuwa nao, nasi tukakaa naye ndani tukiuogopa mlango ambao haukuwa umefungwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotupikia na kulala nasi, wenzake wa kiwandani waliomshonea sanda kwa mikono yao, na ninyi wanafunzi wenzake mliosafiri kutoka mbali, mliomjua kwa sauti tu miaka yote hii, na leo ndiyo mara yenu ya kwanza kumwona uso, siku ambayo tulitamani iwe ya mahafali.

Pumzika, dada, kwa amani, hakuna tena wa kumwogopa.