Mwalimu Elias Chenge na Fimbo Asiyoishika

Mwalimu Elias Chenge alizaliwa Kisesa tarehe 12 Machi 1938. Baba yake alikuwa mnyapara aliyemkusanyia mtemi kodi ya kichwa. Mwaka wa njaa majirani walichoma nyumba yao, na siku hiyohiyo wakampelekea Bwana Shauri, Mwingereza aliyeidai kodi hiyo, maziwa. Elias alikuwa na miaka minane. Hakulisahau jambo hilo.

Alisoma Kisesa, kisha chuo cha ualimu, na kuanzia 1962 alifundisha historia na siasa, somo ambalo baadaye liliitwa uraia. Alijivunia kwamba hakuwahi kumchapa mwanafunzi kwa mkono wake. Kila mwaka alipofika kwenye utawala wa Wajerumani alimteua mwanafunzi mmoja kuwa jumbe, mkusanya kodi wao, akampa fimbo na kumwagiza awachape wote ambao hawakuleta kodi, yaani ndoo ya maji ya ziwani. Yeye aliketi dirishani akinywa chai.

Mwaka 1970 alifunga ndoa na Suzana. Walipata watoto wawili, Gladness na Mihayo. Suzana husimulia kwamba hata siku ya kumposa, marehemu alimtuma rafiki yake aongee, yeye akabaki nje akishika baiskeli.

Mwaka 1993 jumbe alikuwa Mihayo, kidato cha pili. Alimchapa hata Otuoma, aliyeketi naye dawati moja. Jioni wenzake walimvizia kwenye daraja la Mirongo wakampiga, na jicho lake la kushoto halikuona tena.

"Baba, ni wewe uliyeniagiza," alisema akiwa kitandani.

"Na mimi wamenifanya nini?" Mwalimu alimjibu. "Wamenisalimia shikamoo. Sasa umeuelewa ukoloni kuliko darasa zima."

Katika mtihani wa muhula aliuliza kwa nini watu waliwachukia majumbe kuliko gavana, watoe mfano. Wengi waliandika jina la Mihayo. Aliwapa maksi zote.

Mihayo aliacha shule, akaajiriwa kwenye kiwanda cha minofu ya samaki. Hakukanyaga tena nyumbani Igogo.

Februari 1998 Mwalimu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Suzana alimlisha uji. Kila Jumamosi Mihayo alituma sangara kwa mkono wa binamu yake, Josephat.

"Mwenyewe yuko wapi?" mgonjwa aliuliza kila mara.

"Kanituma mimi, baba mkubwa."

"Nenda kamwambie namwita."

"Nimemwambia. Kasema salamu zimefika."

Wiki ya mwisho hakuuliza tena. Alimwambia Suzana wasifu wake usifiche kitu, maana wasifu wa sifa tupu ni taarifa ya gavana. Aliomba jambo moja: udongo wa kwanza, ambao kwetu hutupwa na mtoto wa kiume, utoke mkononi mwa Mihayo. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Agosti 1998, alfajiri.

Jana Suzana alimfuata mwanawe kiwandani. Mihayo alivua glavu, akamwamkia, akamsikiliza hadi mwisho.

"Sijakataa, mama," alisema. "Josephat atatupa kwa niaba yangu."

Marehemu ameacha mjane, Suzana, watoto wawili na wajukuu watatu. Josephat atatangulia kutupa udongo, wengine tutafuata.

Mwalimu Elias apumzike sasa, na Mungu ampokee kwa mkono Wake mwenyewe.