Pua ya Kamongo na Sabuni ya Armelle

Mwaka ule wa 1997 boti zilishusha wakimbizi kila wiki, na kijiwe chetu cha Kasingirima, kando ya ziwa, kilishusha wajuzi kila saa. Mkubwa wao mimi, Injini, niliyeacha shule darasa la tano baada ya kuimaliza akili yake. Asubuhi hiyo nilipasua kichwa cha kamongo juu ya benchi, mbele ya Mzee Mwinshehe muuza kahawa na Gélase, mkimbizi aliyekatiza masomo ya sayansi Bujumbura. Tunamwita Profesa, kwa huruma.

— Ubongo ndio huu? Mzee akacheka. Mdogo kama wako, Injini.

— Tazameni hapa mbele, akasema Profesa. Hivi vinundu viwili ni vya kunusa, nyuzi za puani zinaishia humu. Samaki wa kale kama huyu, ubongo wa mbele kazi yake kubwa ni harufu. Hata sisi: macho na masikio yanapita kwanza kwa mlinzi getini. Harufu inaingia moja kwa moja, mpaka chumba cha kumbukumbu.

— Bila hodi? akauliza Mzee.

— Bila hodi.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! nikadakia. Ndiyo maana nikinusa samaki wetu migebuka wakikaangwa kule sokoni Mwanga, miguu inaondoka kabla sijaamua.

— Hiyo njaa, mwanangu.

— Sayansi, Mzee! Kamongo apewe kazi ya forodha bandarini, magendo kwisha. Afungwe mbele ya garimoshi, halipotei njia!

— Garimoshi lina reli, kenge wewe.

— Chururu si ndo ndo ndo, Mzee.

Pembeni alikuwa amesimama mama mmoja wa Kirundi, Armelle, akisubiri kahawa na kutusikiliza.

— Shikamoo Mzee. Samahani, naomba kuuliza. Tulipokimbia, mwanangu Carmen alinipotea akiwa bado ananyonya. Sasa ana miaka mitatu, watu wa misaada wamempata, yuko kituo cha watoto. Kesho namfuata. Uso wangu hawezi kuujua. Ila nilikuwa namnyonyesha huku nakausha migebuka kwa moshi, na kazi yangu mpaka leo ni hiyo. Nimenunua sabuni hii ya manukato. Kesho nioge nayo, au niende na moshi wangu?

Profesa akainamia ule ubongo kama vile ungemnong'oneza.

Mzee akainamisha dele, kahawa ya mwisho ikatoka.

— Kunywa, mama. Hatujui.

Akanywa taratibu. Kisha akaifunga sabuni kwenye pindo la kitenge.

— Nitaenda na moshi. Sabuni nitamwogeshea yeye, akishanijua.

Alipokata kona, nikamgeukia Profesa.

— Ole wako huyu samaki akiwa mwongo.